Kifua Hakikemewi

Nasema nanyi mnaoamka alfajiri kukimbia, na nanyi mnaokimbiza wengine. Nasema na mwalimu wa zamu mwenye kiboko mkononi, na kiongozi wa klabu ya joging mwenye filimbi shingoni, na mama anayemfungia mwanawe ndani asije akacheza, na mchungaji mwenzangu anayemwambia mgonjwa wa pumu aje aiweke pampu yake madhabahuni na kuondoka mikono mitupu. Neno langu kwenu wote ni moja: mwenye pumu ana haki ya kukimbia, na mwenye pumu ana haki ya kusimama. Anayemnyima ya kwanza amemwibia. Anayemnyima ya pili anaweza kumuua.

Twendeni kwanza kwenye uwanja wa shule. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwezi Juni, huko Njombe ambako baridi inauma vidole. Watoto wako kwenye mchakamchaka, wimbo unaanzishwa mbele na kuitikiwa nyuma. Mwangalie yule wa mwisho kabisa. Haitikii. Mdomo uko wazi, mabega yamepanda karibu na masikio, na kila anapovuta hewa, kile kishimo cha chini ya koo kinaingia ndani. Hata hivyo anakimbia, na anamaliza. Wimbo unakoma, watoto wanatawanyika kwenda kwenye usafi, kila mmoja na fagio lake. Ni hapo ndipo anapoanza kukohoa. Anakohoa, anainama, anashika magoti, na kifuani mwake inasikika sauti nyembamba ya mluzi. Mwalimu anamtazama na kusema, "Mbona ulipokuwa unakimbia hukukohoa? Umeona fagio ndiyo umeumwa?"

Mwalimu wangu mpendwa, nakusihi usome sentensi ifuatayo mara mbili. Pumu inayoletwa na mazoezi mara nyingi hubana zaidi baada ya mtu kusimama kuliko alipokuwa akikimbia. Kilele chake huja dakika 5 hadi 10 baada ya mazoezi kuisha, na kwa kawaida huchukua nusu saa au saa nzima kutulia. Mtoto yule hakudanganyi. Hategi kazi. Mwili wake unafanya kile ambacho miili ya wenye pumu hufanya, na wewe umempa fagio atimue vumbi katika zile dakika mbaya kuliko zote za asubuhi yake! Ukimchapa hapo, unachapa mapafu. Je, umewahi kuona mapafu yakitii kiboko?

Kwa nini iwe hivi? Maandiko yanasimulia kwamba Muumba alipompa mtu wa kwanza uhai, alimpulizia pumzi puani. Puani, ndugu zangu, wala hayasemi mdomoni. Pua huipasha hewa joto, huilowesha na kuichuja kabla haijafika chini. Mtu anapotembea, pua inamtosha. Akikimbia, mwili unadai hewa nyingi kuliko pua inavyoweza kupitisha, na mdomo unafunguka. Sasa hewa kavu, ya baridi, yenye vumbi, inateremka moja kwa moja. Utando wa ndani ya njia za hewa unapoteza maji haraka kuliko unavyoyarudisha, na chumvi yake inakolea kama mchuzi ulioachwa jikoni bila mfuniko. Kwa mtu ambaye njia zake tayari zina uvimbe wa pumu, chembe za kinga zinashtuka na kumwaga kemikali zake, histamini ikiwa mojawapo, na misuli midogo inayozizunguka njia hizo inakaza. Njia zinakuwa nyembamba. Hewa inaingia kwa shida, na kutoka kwa shida zaidi.

Ndiyo maana mtu wa Tanga au Mombasa, katika joto na unyevu wa bahari, huweza kuvumilia mwendo ambao ungembana vibaya akiwa Njombe mwezi Julai. Ndiyo maana kuogelea huwa kwepesi kwa vifua vingi kuliko mbio ndefu, ingawa bwawa lenye klorini kali nalo huwawasha wengine. Ndiyo maana mpira wa wavu, ambao mtu huruka kisha akasimama, humsumbua mwenye pumu kidogo kuliko dakika 90 za kandanda. Na anayelazimika kukimbia kwenye baridi ajifunge skafu au kitambaa mdomoni na puani, ili hewa anayoivuta ipate joto na unyevu wa ile anayoitoa. Wenzake wakimcheka, wacheke.

Sasa nakugeukia wewe, mama. Najua ulichokiona usiku ule: mtoto ameketi kitandani, ameegemea mikono yake, macho yamemtoka. Tangu siku hiyo umeandika barua kwa kila mwalimu mkuu kwamba mwanao asiguse mpira, asikimbie, asipande ngazi kwa haraka. Hofu yako naiheshimu. Lakini nasema umemfunga jela kwa kosa ambalo hakulitenda! Mwili usiotumika hudhoofu, na mwili dhaifu hutweta hata kwa kazi ndogo. Kisha kila kutweta mnakuita pumu, na kufuli linaongezwa. Timu ya Marekani iliyokwenda Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 ilikuwa na wanamichezo 597. Kati yao 67 walikutwa na pumu ya mazoezi. Hao 67 walivuna medali 41. Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu tangu ujana wake, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25, na wanawake wa dunia nzima waliifukuzia rekodi hiyo miaka 16 mpaka Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja kule Chicago. Jackie Joyner-Kersee wa Marekani ana pumu, na pointi 7,291 alizozipata katika michezo saba ya riadha kule Seoul mwaka 1988 hakuna mwanamke aliyezifikia hadi leo. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani jinsi alivyokuwa akiikana pumu yake. Hata bingwa huficha! Basi usishangae mwanao akikuficha kwamba jana alibanwa, kama anajua kwamba ukweli utamletea kufuli.

Lakini msije mkatoka hapa mkipiga vigelegele kwamba mahubiri yamewaruhusu kukimbia tu. Bado sijafika kwenye neno gumu.

Mwaka 2008 Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikuwa na rekodi ya dunia ya marathoni, 2:04:26, aliyoiweka Berlin mwaka uliotangulia. Dhahabu mbili za Olimpiki za mita 10,000 alikuwa nazo, ya Atlanta 1996 na ya Sydney 2000. Dhahabu ya marathoni hakuwa nayo, na Olimpiki ya Beijing ilikuwa inakuja. Nani asingeitaka? Naye ana pumu. Mwezi Machi mwaka ule akatangaza kwamba marathoni ya Beijing hataikimbia, kwa kuwa hewa ya jiji lile ilikuwa chafu na kifua chake kingeumia. Hebu pimeni uzito wa tangazo hilo. Mtu mwenye kasi kuliko binadamu wote katika mbio hizo anaiambia dunia: mbio hizi, mahali hapa, si zangu. Alikwenda Beijing akakimbia mita 10,000, mbio zisizofika nusu saa, akawa wa sita. Dhahabu ya marathoni akaichukua Samuel Wanjiru wa Kenya. Wako wanaosema Haile alijinyima bure, maana wenyeji walifunga viwanda, wakapunguza magari, na siku ya mbio hewa ikawa nzuri kuliko ilivyohofiwa. Mimi simlaumu mtu aliyeamua mwezi Machi juu ya hewa ya mwezi Agosti. Tarehe 28 Septemba, wiki chache baada ya Olimpiki, alisimama kwenye mstari wa Berlin akiwa na kifua kizima, akakimbia 2:03:59, mtu wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 4.

Na miaka mitatu baadaye, Berlin hiyohiyo, alikuwa akiongoza pamoja na Patrick Makau wa Kenya. Karibu na kilomita ya 27 pumzi ikamkatalia. Akatoka pembeni mwa barabara, akainama mbele ya kamera za dunia nzima. Akarudi, akajaribu tena, na baada ya kilomita ya 35 akaacha. Makau akamaliza kwa 2:03:38, na rekodi ya Haile ikaondoka siku ileile aliposimama kando ya njia. Anayetaka kuniambia kwamba kusimama ni unyonge, na aende akamwambie Haile Gebrselassie.

Mchungaji mwenzangu, sasa ni zamu yetu. Tumezoea kukemea. Tunakemea homa, tunakemea madeni, tunakemea majini. Kifua kilichobanwa hakikemewi. Kinapewa dawa, nasi tunaomba huku dawa ikifanya kazi. Kumbuka Eliya. Alikimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, mbio za kutajwa hadi leo, kisha baada ya vitisho vya malkia Yezebeli akaanguka jangwani chini ya mretemu, amechoka hata akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea. Hakumwambia imani yake imepungua. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja mara ya pili na mkate tena, ndipo habari ya safari ikatajwa. Ikiwa mbingu zilijua kumpumzisha nabii, wewe ni nani hata umwambie kijana wa kwaya aitupe pampu yake ili kuthibitisha kwamba amepona? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 455,000 walikufa kwa pumu mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Kijana huyo akifia njiani kurudi nyumbani, damu yake itatafutwa mikononi mwa nani?

Na ninyi mnaosema pampu inazoesha, kwamba ukianza huachi tena, mnaihukumu bila kuijua. Dawa zenyewe ni za namna mbili. Iko ya kufungua, salbutamoli, ambayo mara nyingi ni pampu ya bluu; hulegeza misuli iliyokaza ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Na iko ya kuzuia, steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hutuliza uvimbe wenyewe polepole, siku baada ya siku, wala mtu haisikii ikifanya kazi. Kwa kuwa haisikiki, watu wanaiacha. Wanaipenda ile ya bluu kwa sababu inawajibu papo hapo. Jihadharini! Kifua kinachobanwa kila wiki mchezoni mara nyingi ni kifua ambacho uvimbe wake haujatibiwa. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, tangu mwaka 2019 umeacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana wakubwa. Daktari wako akikuandikia salbutamoli ya kabla ya mazoezi, kwa kawaida utabonyeza mara 2, dakika 10 au 15 kabla hujaanza. Lakini anayeitegemea kila siku ya Mungu, kinga yake dhidi ya mazoezi hupungua. Ukitumia ile ya steroidi, sukutua mdomo kwa maji uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni. Na vile vidonge vidogo vya salbutamoli wanavyovigawana watu mtaani hufanya kazi polepole, hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio. Wakimbiaji wa mashindano wajue pia kwamba kanuni za michezo huruhusu salbutamoli ya kuvuta kwa kiwango maalumu, lakini vidonge vyake bila kibali ni kosa.

Mnalalamika kwamba kile chombo cha kuwekwa kati ya pampu na mdomo wa mtoto hakipatikani, au ni ghali. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe, iache ikauke. Pasha waya moto, toboa tako la chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, upachike pampu pale, uzibe pande zote kwa gundi hewa isipenye. Mdomo wa chupa uende mdomoni mwa mtoto. Tikisa pampu, bonyeza mara 1, mtoto avute pumzi taratibu mara 4 hadi 6, ndipo ubonyeze tena. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti wao katika jarida la Lancet mwaka 1999: kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa kama hiyo iliyozibwa vizuri ilifaa sawa na chombo cha dukani. Kwa hiyo usiniambie umaskini ndio umemzuia mwanao kupata dawa kifuani, wakati chupa tupu zimejaa mtaroni mbele ya nyumba yako.

Basi ni lini mtu asikimbie? Jiulize kwanza habari za wiki 4 zilizopita. Umeamka usiku kwa kukohoa au kubanwa? Umebanwa mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki? Umeihitaji pampu ya kufungua zaidi ya mara 2 kwa wiki, ukiacha ile ya kabla ya mazoezi? Kuna jambo umeliacha kwa sababu ya kifua? Ndiyo moja tu inatosha kukupeleka kliniki. Ndiyo tatu, na bado unajiandikisha nusu marathoni ya Moshi! Unamkomoa nani?

Kisha jiulize habari za leo. Kama una mafua au homa, pumzika mpaka yaishe, hata kama wenzako wa klabu wameshavaa fulana. Kama kifua kinapiga mluzi ukiwa umekaa, kaa. Jirani akiwa anachoma taka, barabara ikiwa inachongwa na vumbi limesimama angani, moshi wa mkaa ukiwa umeulalia mtaa wote, fanyia mazoezi mahali pengine au yaache mpaka kesho. Mwenye kile kipimo kidogo cha kupuliza, kinachoonyesha pumzi inatoka kwa kasi gani, akikuta yuko chini ya asilimia 80 ya kiwango chake bora, asikimbie. Na kama pampu umeisahau nyumbani, mbio za leo zimekwisha kabla hazijaanza, rudi ukaichukue. Pampu nyingi za salbutamoli hutoa mibonyezo 200, nazo huendelea kutoa mvuke hata baada ya dawa kwisha, kwa hiyo hesabu. Usizijaribu kwa kuzitupia kwenye ndoo ya maji uone kama zinaelea.

Siku ambayo yote haya ni salama, usianze kwa kasi. Tumia dakika 10 hadi 15 kuupasha mwili, ukikimbia vipande vifupi vya nusu dakika hivi na kutembea katikati. Wengi wakifanya hivyo kifua huwatulia kwa saa moja au zaidi. Maliza vivyo hivyo, kwa kupunguza mwendo polepole. Na kama kila siku unatweta, dawa hazikusaidii, unakohoa kwa wiki 2 na zaidi, unakonda, unatoka jasho usiku, au kifua kinauma na kichwa kinazunguka ukikimbia, usijibatize jina la pumu. Nenda ukapimwe kifua kikuu, upimwe moyo na damu.

Nimalizie na dakika zile mbaya zenyewe, maana ndizo zinazotukuta hatujui la kufanya. Mtu akibanwa, mchezo umekwisha kwake. Mketishe wima, ainamie mbele kidogo, legeza kola na mkanda, watu wasimzonge. Usimlaze. Usimfunike mdomo kwa mfuko. Mpe salbutamoli, bonyeza 1 kwa pumzi 4, mpaka ifike mibonyezo 4. Subiri dakika 4. Asipopata nafuu mpe 4 nyingine, na wakati huohuo mtu mmoja awe anatafuta gari. Akishindwa kumaliza sentensi fupi, midomo ikigeuka ya bluu au ya kijivu, nyama za kati ya mbavu zikiingia ndani, akianza kusinzia, usisubiri chochote. Na ule mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, msishukuru. Kifua kilichonyamaza namna hiyo hakipitishi hewa ya kutosha hata kupiga mluzi. Mpelekeni hospitali akiwa ameketi, aliyeshika pampu na chupa akae kando yake, aendelee kumpa dawa njia nzima, na wengine watangulie kupiga simu mapokezi waandae oksijeni.